Marfa, Texas: mji wa watu wasiofika 2,000 katikati ya jangwa. Unaishi kwa kitu gani hasa?

#1 MtotoWaManyoni
Wakuu, salaam.

Nilikwenda Houston kumsalimia kaka yangu, dereva wa malori. Akaniambia Houston haitoshi kuijua Texas, twende nikuonyeshe kwenye vumbi. Tukashika barabara kuu ya I-10 alfajiri kuelekea magharibi. Mpaka tunakokwenda ni kama kilomita 960, yaani Dar hadi Mbeya halafu ujazie na nyingine, na muda wote huo hujatoka ndani ya jimbo moja. Ukiipita San Antonio miti inaanza kupungua. Ukifika Fort Stockton, imekwisha. Barabara inaruhusu maili 80 kwa saa, kama 130 za kwetu, na sikuona trafiki hata mmoja na tochi yake.

Tuliingia Marfa Jumanne jioni. Barabara kuu pana utadhani inasubiri maandamano, na mwisho wake kuna mahakama ya mwaka 1886, rangi ya waridi iliyopauka, ina kuba juu kama jumba la mfalme. Watu hakuna. Maduka mengi yamefungwa, na siyo kwamba yamekufa: vibao vinasema njoo Alhamisi. Kuna chumba kimoja cha vioo, safi, taa zinawaka, ndani kumewekwa kitu kimoja tu sakafuni. Kaka akasema hilo ni duka. Sikubisha, nilikuwa na njaa.

Kuna sehemu wanakodisha mahema na trela kuukuu za kulala, na bei yake ni ya hoteli. Kuna duka la Dollar General, kituo cha mafuta, kanisa, na nyumba za tofali za tope. Anayekupita na gari anainua kidole kimoja kutoka kwenye usukani, hiyo ndiyo salamu. Usiku mabehewa ya mizigo yanakata mji katikati na honi ya kuamsha wafu.

Sasa swali langu. Nimekulia mji wa reli, najua mji unavyokula pale treni inaposimama: mama anauza mayai, kijana anabeba mizigo. Treni ya abiria ya Marfa, Sunset Limited, inapita mara tatu kwa wiki kila upande na haisimami kabisa, inasimama Alpine, kilomita 42 mbele. Kiwanda sikukiona, mgodi sikuuona, chuo hakuna. Wilaya yake nzima, Presidio, haina hospitali. Huu mji unakula nini?

#2 Kichwa_Maji
Uzi wa safari bila picha ni hotuba.

#3 Karisa_wa_Magarini
Nilisoma haraka nikadhani ni Marafa yetu ya Kilifi, nikajiuliza Nyari, lile korongo letu, imehamia Texas lini. Haya endelea bwana, tunasoma.

#4 Dereva_wa_I10
Mkuu #1, tochi zipo, tena wana za kisasa. Wewe hukuwaona, wao walikuona. Shukuru kaka yako anajua mguu wake.

Jibu la swali lako ni fupi: serikali. Hukuona magari meupe yenye mstari wa kijani? Ni askari wa doria ya mpaka. Makao makuu ya kanda yao ya Big Bend yako hapohapo Marfa. Mpaka wa Meksiko uko kama kilomita 100 kusini, mji wa Presidio upande huu na Ojinaga upande wa pili. Ongeza mahakama uliyoiona (Marfa ndiyo makao makuu ya wilaya), ofisi ya sherifu, shule, watu wa barabara. Mshahara wa serikali unaingia, mvua inyeshe isinyeshe.

#5 Mama_Neema_TX
Serikali imo, lakini kaka #4 umeruka kitu kikubwa. Bila Donald Judd ungepita pale ukajaza mafuta ukaondoka.

Huyu alikuwa msanii wa New York aliyechoka kuona kazi zake zinapangwa kwenye majumba ya maonyesho wiki chache, kisha zinafungashwa. Alitaka mahali kazi ikae moja kwa moja. Akafika Marfa mwanzoni mwa miaka ya 1970, akaanza kununua majengo mwaka 1973, wakati bei ilikuwa ya kutupa maana watu walikuwa wanahama. Baadaye ikapatikana kambi nzima ya jeshi iliyoachwa, Fort D. A. Russell. Mwaka 1986 ikafunguliwa kwa umma, inaitwa Chinati Foundation. Judd alifariki 1994, kazi zimebaki palepale. Ndizo zinazoleta wageni kutoka Berlin na Tokyo.

#6 Kichwa_Maji
Kazi gani hizo?

#7 Mama_Neema_TX
Masanduku 100 ya alumini.

#8 Kichwa_Maji
Geji ngapi? Nina banda la kuku linavuja.

#9 Mama_Neema_TX
Nilijua utauliza hivyo 😂. Sikiliza. Yamo ndani ya maghala mawili ya zamani ya mizinga. Judd aliondoa milango ya magari akaweka vioo ukuta mzima, pande zote mbili. Kwa nje masanduku yote 100 yana kipimo kimoja. Kwa ndani hakuna mawili yanayofanana: moja limegawanywa kwa wima, jingine limeinamishwa bamba, jingine liko wazi pande mbili. Ukiingia dakika za kwanza unaona chuma tu. Halafu jua linasogea, sanduku moja linageuka rangi ya nyasi za nje, la pili yake linakuwa kama halipo, unaona upande wa pili. Mimi nilikwenda nikiwa na msimamo wako huohuo, mume wangu ndiye alinitoa nje kwa nguvu tusichelewe.

Nje kuna mengine 15 ya zege, makubwa, yamepangwa kwa mstari wa kama kilomita moja kwenye majani. Hayo unayaona bure.

#10 MtotoWaManyoni
Ya zege tuliyaona. Kaka aliuliza kama ni makalavati yaliyobaki kwenye ujenzi wa barabara. Nilimwambia anyamaze, kulikuwa na Wazungu wamekaa kimya wanayatazama.

#11 Laigwanan
Mnazungumzia makasha wakati jibu liko porini. Ule mji ni wa ng'ombe. Nimefanya kazi ranchi huko magharibi mwa Texas, siyo Marfa penyewe lakini jirani. Marfa iko mita 1,400 hivi kutoka usawa wa bahari, sawa na Arusha mjini, ndiyo maana jangwa lile lina nyasi. Mifugo ni Hereford, wale wekundu wenye uso mweupe. Nyasi ni chache kiasi kwamba ng'ombe mmoja anahitaji eneo ambalo kwetu lingelisha boma zima, kwa hiyo ranchi ni kubwa za kutisha na watu ni wachache.

Jambo lililonishinda ni waya. Kilomita kwa kilomita, ardhi yote ina mwenyewe. Ukame ukija huwezi kusema tuhamie kule kuliko na mawingu. Miaka ya 1950 Texas ilipata ukame wa miaka mingi, wafugaji wengi wakaanguka. Hata swala wao wa huko, yule mwenye pembe za uma, hana mazoea ya kuruka uzio. Anapiga magoti anapenya chini ya waya. Kwa hiyo ranchi zenye busara zinainua waya wa chini.

#12 Dereva_wa_I10
Laigwanan umenena. Lakini ng'ombe hawajazi hoteli.

#13 binti_shangani
Assalaam alaykum. Mama Neema, hao wageni wa Berlin wameleta na lao jambo. MtotoWaManyoni ametaja nyumba za tofali za tope akapita. Hizo zilikuwa nyumba za Wameksiko maskini, unajenga kwa udongo wa palepale, mchana ubaridi, usiku joto. Walipokuja wenye fedha wakazipenda, wakazinunua, wakazitengeneza vizuri. Bei zikapanda. Kisha wathamini wa wilaya wakaziweka nyumba za tope kwenye daraja lake peke yake, thamani juu, na kodi ya nyumba ikafuata. Bibi aliyerithi chumba cha udongo kwa baba yake akajikuta anatozwa kama jirani aliyeshuka na ndege.

Mimi ni mtoto wa Mji Mkongwe. Nimeona Shela kule Lamu, nimeona na kwetu. Nyumba ya mawe ikishaitwa nzuri na mgeni, mwenyewe anahamia ng'ambo ya mji.

#14 Kamau_wa_Katy
Niaje wasee. Niko Katy hapa nje ya Houston. Hakuna aliyetaja Prada? Kuna duka la Prada Marfa, viatu na mikoba dirishani, na haliuzi kitu. Mlango haufunguki.

#15 Mama_Neema_TX
Kamau, haliko Marfa, liko karibu na Valentine, nusu saa na zaidi kaskazini magharibi kwa barabara ya US 90. Na si duka, ni kazi ya sanaa ya mwaka 2005 ya Elmgreen na Dragset.

#16 Kamau_wa_Katy
Sawa mama. Lakini hii ndiyo inanichekesha: muda mfupi tu baada ya kufunguliwa wezi walivunja wakabeba mikoba na viatu vyote. Vile viatu vilikuwa vya mguu wa kulia peke yake! Mwizi amefika nyumbani anapanga pea hazipangiki. Walivyorudisha bidhaa, mikoba ikawekwa bila kitako.

#17 Kichwa_Maji
Wangekuwa wa Kariakoo wangeuza hivyohivyo, mteja angeambiwa wa kushoto unafuata kesho.

#18 Mzee_wa_Itigi
Vijana, mmeanza mwisho. Mji ulianza miaka ya 1880 kama kituo cha maji cha treni za mvuke. Treni ikinywa, mji unakula. Mvuke ulipokwisha, treni haikuwa na sababu ya kusimama. Likaja jeshi: kambi, na wakati wa vita kuu ya pili uwanja wa ndege wa kufundishia marubani, hata mateka wa Kijerumani waliwekwa pale. Vita ikaisha, kambi ikafungwa 1946. Kisha ukame aliousema Laigwanan. Huyo msanii alikuta mabaki ya vitu vitatu. Kwa hiyo ukiuliza unaishi kwa nini, mimi nasema unaishi kwa kurithi majengo ya waliotangulia. Sisi tuna stesheni ngapi za Mjerumani zinaota majani?

#19 Dereva_wa_I10
Mzee shikamoo. Bado mshahara wa doria uko pale, hakuna aliyenijibu hilo.

#20 Abeid_Mkunazini
Na taa je, zile za ajabu za usiku? Mtu anakwenda Marfa halafu hataji taa!

#21 MtotoWaManyoni
Taa tulikwenda kuzitazama. Kuna kituo kimejengwa rasmi kwa kazi hiyo, kilomita 14 hivi mashariki ya mji, pana vyoo na darubini. Tuliketi ukutani na familia ya kutoka Dallas. Giza lilipokaza vikatokea vinuru kusini magharibi, chini kabisa mlimani. Kimoja kinawaka, kinafifia, vinakuwa viwili, vinarudi kimoja. Rangi kama ya chungwa. Sikuogopa, ila niliacha kula karanga.

#22 FizikiaTamu
Hizo ni taa za magari, ndugu zangu. Mwaka 2004 wanafunzi wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Texas pale Dallas walikwenda wakakaa usiku kadhaa wakihesabu magari. Upande ule uliosema, kusini magharibi, ndiko inakopita barabara ya US 67 kutoka Presidio, inateremka milimani. Wakaegesha gari lao huko barabarani likawasha na kuzima taa. Kituoni likaonekana "taa ya Marfa" kamili, rangi ya chungwa.

#23 Abeid_Mkunazini
Shekhe wangu, mchunga ng'ombe wa kwanza aliziona mwaka 1883. Alikuwa anaendesha Probox?

#24 FizikiaTamu
Habari ya 1883 imetufikia kwa simulizi. Maandishi ya kwanza yaliyochapishwa kuhusu taa hizo ni ya jarida moja la mwaka 1957. Mwaka 1957 magari yalikuwepo tele.

#25 Laigwanan
Na 1883 kulikuwa na moto wa wachungaji. Mtu anayelala porini anajua moto wa mbali unavyocheza.

#26 Mama_Neema_TX
Mimi nimesikia habari ya mawe: milima ya huko ina madini ambayo yakibanwa na kuachiwa yanatoa umeme, hasa joto linapobadilika ghafla.

#27 FizikiaTamu
Mama, quartz ikibanwa inatoa umeme kweli, lakini kutoka hapo hadi mpira wa moto unaoelea kwa dakika kadhaa ni safari ndefu. Nitawapa nusu: hewa ina mkono wake. Mchana ardhi inaungua, usiku baridi inashuka kwa kishindo, hewa baridi inatanda chini na ya joto inabaki juu. Mwanga ukipita hapo unapinda. Ni mazigazi ya usiku. Ndiyo maana taa ya gari inagawanyika mara mbili, inaelea, inapotea. Gari na mazigazi kwa pamoja vinatosha.

#28 Abeid_Mkunazini
Kuna mhandisi mstaafu aliyeweka kamera za kudumu huko miaka na miaka. Naye alikubali kwamba nyingi ni magari, lakini akabaki na chache ambazo haziko upande wa barabara. Hizo chache unazipeleka wapi? Wenyeji wanasema ni roho ya chifu wa Waapache. Kwetu mvuvi wa Nungwi akiona taa inayomkimbia kila akiisogelea haulizi barabara iko wapi. Anavuta nyavu, anasoma aya, anarudi pwani.

#29 Kichwa_Maji
Na FizikiaTamu angebaki baharini anahesabu magari.

#30 MkongoAbilene
Jambo bandugu. Miye niko Abilene, hapa Texas, tuko Bakongomani wengi, ba HCR, shirika ya bakimbizi, balituleta. Nilipita ile njia na batu ya kanisa. Batoto baliniuliza kama kule kuna batu beusi. Hatukuona hata moya. Ndugu wa #1, weye ulionaka?

#31 MtotoWaManyoni
Ndugu yangu, ndani ya mji nilikuwa mimi na kaka. Watu walitutazama kidogo, wakatusalimia vizuri.

#32 Mzee_wa_Itigi
Mngepanda kaskazini kidogo, Fort Davis, kama kilomita 34. Ile ngome kuanzia 1867 ilikaliwa na askari weusi, farasi na miguu, wale walioitwa Buffalo Soldiers. Barabara na nyaya za telegrafu za sehemu zile zina jasho lao. Henry Flipper, Mmarekani mweusi wa kwanza kuhitimu chuo cha kijeshi cha West Point mwaka 1877, alikuwa hapo. Mwaka 1881 wakamshtaki kwa upotevu wa fedha. Wizi haukuthibitika, bado wakamfukuza jeshini kwa mwenendo usiofaa. Rais Clinton alimsamehe mwaka 1999, marehemu yuko kaburini tangu 1940. Batoto ba Abilene baambiwe hilo.

#33 MkongoAbilene
Aksanti sana Mzee. Nitabaambia.

#34 Mwalimu_Asiyechoka
Kwa kuwa tumeingia kwenye historia, kuna jengo dogo la tofali za tope Marfa, shule ya Blackwell. Kuanzia 1909 hadi 1965 watoto wa Kimeksiko walisomea humo peke yao, wenzao Wazungu kwingine. Mtoto akisema Kihispania anachapwa. Mwaka 1954 walimu wakawapa watoto vikaratasi waandike maneno ya Kihispania, wakayatia kwenye kijisanduku, wakayazika uwanjani karibu na mlingoti wa bendera. Mazishi kamili, marehemu akaitwa Bwana Kihispania. Mwaka 2007 waliosoma hapo, wakiwa wazee, walirudi kufanya sherehe ya kumfukua. Sheria ya kulifanya eneo la historia la taifa ilisainiwa 2022.

#35 Kamau_wa_Katy
Walimu wa huko na wetu walisomea chuo kimoja. Shuleni kwetu kulikuwa na kibao cha mbao, tulikiita disk. Ukinaswa unaongea Kikuyu au hata Kiswahili unavishwa, unatafuta mwingine wa kumpasia kabla ya jioni. Mimi nilikuwa nalala nacho.

#36 binti_shangani
Mwanangu anavishwa hicho kibao mpaka leo, shule ya kulipia, hapa hapa inakozaliwa lugha yenyewe. Nalipa ada na kibao juu.

#37 Karisa_wa_Magarini
Kwa hiyo mji umezika lugha, halafu wageni wanakuja kupiga picha za burito, zile chapati za kukunja za Kimeksiko, na nyumba za tope za hao hao. Dunia ina mambo.

#38 Dereva_wa_I10
Burito ni nzuri lakini. Tusiingize siasa kwenye burito.

#39 Laigwanan
Anayetaka kwenda aangalie yafuatayo. Alhamisi hadi Jumapili ndipo mji unafunguka. Jaza mafuta Fort Stockton au Alpine. Daktari yuko Alpine pia, hospitali iko kule. Beba koti hata Juni. Ukishuka mpaka Presidio, kwenye kurudi kuna kizuizi cha doria kusini ya Marfa, kwa hiyo pasi iwe mfukoni, isiwe kwenye begi ndani ya buti la nyuma. Mimi waliniuliza uraia na ninakokwenda, tukaagana.

#40 FizikiaTamu
Na anayependa nyota apite McDonald, kituo cha darubini cha Chuo Kikuu cha Texas juu ya milima ya Fort Davis. Wilaya za huko zina sheria za kufunika taa za nje ili anga ibaki nyeusi. Kilimia unakihesabu kwa macho.

#41 Abeid_Mkunazini
Taa za nje zimefunikwa, na bado taa zinaonekana. Nimemaliza.

#42 Kamau_wa_Katy
Mwezi wa kumi Chinati wanafungua milango yote wikendi moja, watu hujaa. Tunaenda na gari mbili kutoka Katy, viti vitatu vimebaki, mafuta tunachangiana. Dereva wa I-10 anashika gari la kwanza. Kichwa_Maji haruhusiwi karibu na alumini. Abeid, kama uko Marekani kiti chako kipo, lakini FizikiaTamu anaketi ubavuni mwako mpaka Fort Stockton.